Maji, hewa na joto

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa na sisi kidogo. Jumapili usiku akaloweka choroko, kesho yake apike na nazi. Asubuhi akazichuja, akaziacha kwenye chujio juu ya kabati, akafunika na kitambaa, mara ukaja msiba wa jirani na sote tukahamia huko. Choroko zikasahaulika. Jumatano jioni ndo binti yangu akafunua kile kitambaa.

Alipiga kelele mpaka nikadhani kaona panya.

"Mama! Zimeota! Sasa zimeotaje na hamna udongo?"

Yuko darasa la tano. Nikaenda kuangalia na kweli, kila choroko ina kamkia keupe, nyingine zimeshavua ganda. Bibi yake akasema choroko ndo zilivyo, ukizichelewesha zinaota. Ila mimi nilibaki nimesimama pale na mwiko mkononi, maana Ijumaa iliyopita tu nilikuwa nimesaini daftari lake la sayansi, na swali la kwanza lilikuwa taja mahitaji matatu ya mbegu ili iote, na yeye alijibu maji, hewa na joto la kiasi, vema tatu, na mwalimu kaandika Hongera kwa wino mwekundu.

Udongo haumo kwenye lile jibu.

Nikamuuliza, mbegu inahitaji nini ili iote? Akajibu hapo hapo bila kuvuta pumzi, kama anaimba: maji, hewa na joto la kiasi. Haya, hizi choroko zimepata maji? Zimepata. Hewa? Imepita kwenye matundu ya chujio. Joto je? Lipo. Sasa mbona unashangaa?

Akanyamaza. Akaziangalia choroko, akaniangalia mimi.

"Aaah. Kumbe ile ya darasani ndo hii?"

Ni wiki ya tano sasa na hilo swali lake halijanitoka.

## Nusu ya neno

Aliyesoma shule zetu anajua somo linavyokwenda. Mwalimu haulizi swali zima, anatoa nusu ya neno. Mbegu inahitaji ma...? Maaajiii! Na he...? Heeewaaa! Tumeelewana? Ndiyooo mwalimu! Darasa zima linaitika kwa sauti moja, na aliyeelewa na asiyeelewa wanafungua mdomo kwa wakati mmoja, huwezi kuwatofautisha hata ukisimama katikati yao.

Na hiyo tabia hatuiachi shuleni. Sikiliza mshereheshaji harusini, sikiliza mhubiri, sikiliza mwanasiasa jukwaani anavyokata neno katikati na uwanja mzima unalimalizia. Tumekua tukimalizia maneno ya watu wengine, na tunasikia raha kabisa tukilimalizia sawasawa.

Kuna kitu kingine kilinijia usiku mmoja nikiwa sina usingizi. Nilijaribu kukumbuka ni lini shule ya msingi mtu mzima aliniuliza "kwanini", na nikakumbuka mara nyingi tu. Kwanini umechelewa. Kwanini hujachomekea. Kwanini hujamaliza hesabu. Kwanini unaongea darasani. Yaani kwa miaka saba ya darasani kwangu "kwanini" lilikuwa neno linalokuja na fimbo, na jibu lake lilikuwa kuangalia chini na kukaa kimya, na kama una akili huongezi neno.

Sasa mtoto wa namna hiyo akifika kidato cha tatu akaambiwa jadili, eleza kwanini, toa maoni yako, atatoa wapi? Mwili wake umeshazoea kuwa hapo unainamisha kichwa.

## Chumvi kwenye kachumbari

Nikiwa kidato cha pili nilikariri maana ya osmosisi kwa Kiingereza, neno kwa neno, mpaka koma zake. Nilikuwa naitaja nikiwa kwenye foleni ya maji pale bwenini, naitaja nikifua. Ikaja kwenye pepa, nikaiandika yote, nikapata maksi zote.

Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa, nimeshazaa, siku moja nina wageni nikakata kachumbari mapema nikatia chumvi kabisa ili nisisahau. Baada ya muda kidogo nikarudi, bakuli limejaa maji, nyanya zimelegea, vitunguu vimenywea. Nikasimama pale. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani ya nyanya. Maji yametoka kwenye maji mengi kwenda kwenye chumvi nyingi, yamepita kwenye utando wa seli za nyanya.

Nikasema peke yangu jikoni, kumbe ndo hii.

Kilichoniuma ni kwamba mama yangu alikuwa akiniambia tangu mdogo, chumvi ya kachumbari weka mwisho isije ikatoa maji. Mama hajafika darasa la tano. Yeye alikuwa na kitu chenyewe mkononi miaka yote, mimi nilikuwa na maelezo yake kwenye daftari, tumeishi nyumba moja na hakuna aliyewahi kutukutanisha. Na ingekuwaje, wakati maelezo yangu yalikuwa kwa lugha ambayo jikoni kwetu haiongelewi? Mtoto anasoma Kiswahili miaka saba, anaingia fomu wani anakuta kila kitu kimegeuka, anaambiwa achangie hoja kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno. Hoja anayo, maneno hana. Kinachobaki ni kumeza madesa na kuyarudisha kama yalivyo, na tukiona anafanya hivyo tunasema watoto wa siku hizi hawafikirii.

## Ila kukariri kumenilea

Hapa ndo nilikwama kwa wiki mbili nzima, na ndo maana hii makala imechelewa.

Nilitaka kuandika kwamba kukariri ni kubaya, basi. Ila nikianza tu kuandika nasikia sauti yangu mwenyewe madrasa, nina miaka saba, nimekaa kwenye jamvi nasoma Juzuu Amma kwa moyo, sura baada ya sura, Kiarabu sijui hata neno. Miaka ikapita. Siku moja maalim akatukalisha akatufasiria Suratul Asr, aya tatu tu zile, na mimi nilikuwa nazo kichwani tangu utoto. Maana ilipokuja ilikuta maneno yameshakaa yanaisubiri. Nisingekuwa nimehifadhi, ingepita tu kama mawaidha mengine.

Halafu kuna tebo. Mtoto wa jirani yangu yuko sekondari, saba mara nane anachora vijiti kwenye karatasi anahesabu kimoja kimoja, na akimaliza kuhesabu ameshasahau swali lilikuwa linataka nini. Huyo mwambie afikiri kwa kina. Atafikiri saa ngapi na kichwa kizima kiko kwenye vijiti?

Kwahiyo siwezi kusema watoto wasikariri, ningekuwa mwongo. Mtu ambaye hana kitu kichwani hana cha kufikiria.

Tofauti ninayoiona ni moja. Madrasa hakuna aliyewahi kutudanganya kuwa kuhifadhi ndo mwisho wa safari. Ilijulikana kuna tafsiri mbele, kuna fiqhi, kuna watu wazima wenye elimu yao wanabishana kuhusu neno moja mpaka adhana inawakuta. Shuleni ukishapata vema umemaliza. Mwalimu anafuta ubao, tunaenda mada inayofuata, na mbegu inabaki kwenye daftari.

## X nyekundu

Baada ya ile Jumatano binti yangu na bibi yake hawakuacha. Kulikuwa na choroko kidogo zilizobaki chini ya sufuria na maji yake, zikachacha, zikanuka, hazikuota. Mtoto akazinusa akakunja uso, halafu akasema taratibu, "Hewa." Nilimwona kabisa lile neno likimwingia. Akaweka nyingine kwenye kikopo cha mtindi ndani ya friji, akaziloweka vizuri na kuzichuja, zikakaa siku nne kimya. Joto.

Na zile za kwenye chujio alikataa zipikwe. Zikarefuka, nyembamba, baada ya siku kadhaa zikaanza kulegea na kulala. Akamuuliza bibi yake kwanini zinakufa na maji anaziwekea. Mama akamjibu, mbegu ni kama msafiri mjukuu wangu, imetoka na masurufu yake, inakula ya kwake mpaka ifike penye mwanga na udongo, masurufu yakiisha haijafika basi inaishia njiani.

Wiki iliyofuata wakapewa jaribio. Swali la nne: kwanini mbegu iliyofukiwa chini sana haichomozi?

Akaandika: "Inaota lakini masurufu yake yanaisha kabla haijafika juu."

X. Pembeni kwa wino mwekundu: hukosa hewa.

Nilisoma lile jibu lake mara nyingi sana. Ni sahihi. Mbegu ndogo ukiifukia mbali inaweza kuota kabisa huko chini na ikamaliza chakula chake kabla ya kuuona mwanga. Jibu la mwalimu nalo lina ukweli wake, kadri unavyoshuka na hasa udongo ukiwa umeshiba maji hewa inapungua. Majibu mawili, yote yana miguu ya kusimamia. Ila moja lina vema na jingine lina X, na lenye X ndo ambalo mtoto alilifikia mwenyewe.

Nikaenda shuleni nina hasira.

Mwalimu ni kijana, mpole, alinipokea kwenye veranda maana ofisini hapakuwa na pa kukaa. Nikampa daftari. Akalisoma jibu, akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mzazi, hili jibu ni zuri. Mimi sikulisoma. Niliangalia kama kuna neno hewa."

Akanionyesha rundo la madaftari. Darasa lake lina watoto 104. Akanipigia hesabu pale pale, akitumia dakika mbili kwa kila daftari ni karibu saa tatu na nusu, kwa zoezi moja la somo moja, na yeye anafundisha masomo matatu. Halafu akaniambia hata angelisoma angepata shida nyingine, kwa sababu huyu mtoto anaandaliwa kwa mtihani wa taifa, na tangu 2012 mtihani wa kumaliza msingi unasahihishwa na mashine, mtoto anashedi herufi kwa penseli, siku hizi kwenye maswali 45 ni 5 tu ya kuandika mwenyewe. "Mimi nikilikubali hili leo, kule litamkubali nani? Nikimzoesha kutafuta jibu lake, atalitafuta kwenye A, B, C, D na halimo."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu, nikamkuta mtu mwenyewe amebanwa kuliko mwanangu. Tangu 2016 ada na michango ya lazima ilipoondolewa mpaka kidato cha nne madarasa yamefurika, na mimi naliona hilo kuwa jambo jema, wamo humo watoto ambao bila hivyo wangekuwa wanauza karanga stendi. Lakini mtu mmoja na watoto 104 hawezi kumuuliza kila mmoja umefikaje hapo. Anachoweza ni nusu ya neno.

Na ufaulu ukishuka anaitwa yeye kwenye kikao. NECTA, baraza la mitihani la taifa, waliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora mwanzoni mwa 2023, nikafurahi sana siku ile, ila mtaani bado tunapanga wenyewe, shule zinatundika mabango ya wastani barabarani, na sisi wazazi kitu cha kwanza mtoto akileta ripoti tunauliza umekuwa wa ngapi. Mimi pia nauliza hivyo. Nimeuliza hivyo muhula uliopita, kabla hata hajavua begi.

## Hata hii tuliikariri

Nyerere kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa darasani, Tabora na baadaye Pugu, na 1967 alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea aliyasema haya yote. Alitaka mtoto atoke shule na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa wengine na kuchukua au kukataa kulingana na mahitaji yake, na ajiamini. Alisema wazi kwamba mtihani umepewa heshima kubwa kupita kiasi. Na alilielewa tatizo vizuri, aliona kuwa mitihani inapima zaidi uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa yakihitajika ndani ya muda fulani.

Unajua mimi nilikutana nayo wapi? Kwenye notisi za historia. Taja malengo ya Elimu ya Kujitegemea. Nilikuwa nayo yote kwa namba, la kwanza, la pili, la tatu, na "kujenga akili ya kudadisi" lilikuwa mojawapo, nililiandika kwenye pepa nikapewa maksi yangu. Sikuwahi kudadisi kitu.

Mitaala imebadilika tangu hapo. 2005 tukaambiwa sasa ni ujuzi na sio maarifa matupu, Januari 2024 ukaanza mtaala mpya mwingine kwa awamu, na nimeusoma kidogo, una mambo mazuri kabisa, mtoto atende, aulize, atatue. Naamini walioandika walimaanisha. Nawaza tu yule kijana wa kwenye veranda na rundo lake la madaftari, mtaala ukimfikia pale utakuta ana dakika ngapi.

## Toa mji

Umeme ulikatika jioni moja kabla mama hajarudi Tanga. Tukakaa uwani, mama akaanza vitendawili kama zamani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Jibu kila mtu analijua, yai. Nililijua nikiwa na miaka minne, na nikawaza hapo hapo, kumbe hata hapa kuna jibu moja tu limepangwa, hata kabla ya shule tulishaanza hivi.

Binti yangu akasema, "Mbegu."

Mama akasema siyo, toa mji. Mtoto akakataa kutoa mji. Akasema bibi, mbegu nayo haina mlango, na aliyemo ndani akitaka kutoka anapasua mwenyewe.

Palikuwa giza, sikumwona mama uso. Alikaa kidogo.

"Haya," akasema. "Na hiyo nayo ni nyumba."

Akatega kingine.

Ilichukua muda gani ile? Labda nusu dakika. Mtu mzima alikuwa na jibu lake, akasikia jingine, akalipima, akaliacha lipite. Sikumbuki kuliona hilo darasani, na limetokea uwani kwetu na mtu ambaye shule iliachana naye darasa la nne. Kukariri kulikuwepo pale, vitendawili vyote vile mama anavyo kwa moyo, vingine alirithi kwa bibi yake. Ila alikuwa na mtoto mmoja mbele yake na hakuwa na haraka.

## La mwalimu

Jumanne ya wiki iliyopita, usiku wa kuamkia mtihani wa pamoja wa kata, ule ambao unasahihishwa na walimu wa shule nyingine, binti yangu aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameshalala, neti imeshushwa.

"Mama, likija lile swali la mbegu ya chini, niandike langu au la mwalimu?"

Nilijua jibu ninalotaka kumpa. Nilikuwa nalo mdomoni. Halafu nikafikiria mtu asiyemjua, ana rundo la karatasi, anatafuta neno hewa.

"Andika la mwalimu."

"Sawa mama."

Ile sawa nimeisikia. Ni ile ile ya ndiyooo mwalimu.

Nimeshaongea na wenzangu kuhusu hili, wengine wanasema nimefanya la busara, mtoto lazima ajue kucheza mchezo ulivyo, akifika chuo atafikiri anavyotaka. Mimi nilikariri mpaka chuo na bado nilisubiri kachumbari. Sijui kama nilimlinda au nilimfunga mdomo, na kila nikijaribu kujibu napata jibu tofauti.

Swali lilikuja. Aliandika hukosa hewa.

Ijumaa nikawa natafuta rula ya kupigia mistari daftari la vikoba, nikaikuta kwenye begi lake imejaa udongo. Udongo mpaka kwenye alama ya 20. Nikatoka uwani, nyuma ya tenki, nikakuta makopo matatu ya rangi, yale makubwa yaliyobaki tulipopaka nyumba, yamejazwa udongo, kila moja lina kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu. Sm 2. Sm 6. Sm 20.

Nikamuuliza. Akasema kafukia choroko kumi kila kopo, anaangalia kama ni lake au la mwalimu.

Leo ni siku ya sita. La sentimita 2 limeshatoa majani. La sentimita 6 udongo umepasuka kidogo leo asubuhi, tumeinama tukaangalia wote wawili kabla ya gari la shule. La 20 hakuna kitu. Anasema atasubiri mpaka siku ya kumi na mbili halafu alifukue, aone zile mbegu kama zimelala tu hazijaota, au zimeota zikaishia njiani.